Chopin, Liszt au Clara Schumann: vijana wa kwaya waanze na nani?

MwalimuWaTeno (Morogoro)

Wanajukwaa, salaam. Nina vijana 14 wa kwaya. Wote wanasoma solfa bila shida, na wanne wameanza kuzisoma noti za mistari mitano. Paroko ametupa ukumbi kwa Jumamosi nne, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Tuna kinanda cha funguo 61 na spika moja nzuri. Nataka kuwapa mtunzi mmoja wa Ulaya ya karne ya 19, wajue aliishije, alipitia nini na aliacha nini. Nikiwarushia majina ishirini hakuna litakalokaa kichwani.

Nimechuja nikabaki na watatu. Chopin, aliyezaliwa 1810 Żelazowa Wola karibu na Warszawa, Poland, akafia Paris 1849. Liszt wa 1811, kijiji cha Raiding, ambacho wakati ule kilikuwa Hungaria na leo kiko Austria. Yeye alikufa 1886. Na Clara Schumann wa Leipzig, 1819 hadi 1896. Wote walikuwa wapiga piano na wote walifahamiana, kwa hiyo kuwalinganisha ni haki. Moyo wangu unavutwa na Chopin. Mwenye hoja ya kunigeuza aniambie.

NotiNyeusi (Arusha)

Mwalimu, usigeuzwe. Chukua Preludi (kipande kifupi cha piano) ya nne katika Opus 28, yaani kazi yake namba 28, ile ya E maina. Ukurasa mmoja tu, mizani (baa) 25. Vijana wako wataishika kwa solfa siku hiyohiyo: mkono wa kulia unaanza na mi ndefu, fa fupi, mi ndefu, fa fupi, basi. Mkono wa kushoto unarudia kodi za noti tatu, mara nane kila mizani, polepole, na kila baada ya muda kidole kimoja kinashuka nusu toni huku vingine vimetulia. Ni kama sauti za kwaya zinazoshuka kwa zamu, mara teno, mara besi, na kila anayeshuka anabadilisha rangi ya wote. Wimbo wa juu haujasogea, lakini wewe msikilizaji tayari uko mahali pengine kabisa. Mimi nimeupiga miaka kumi na moja na bado mizani ya pili inanishika koo.

Preludi hiyo ilipigwa kwa kinanda cha kanisa siku ya mazishi ya Chopin, kanisa la La Madeleine, Paris, tarehe 30 Oktoba 1849. Alikuwa na miaka 39. Mwili ukazikwa makaburi ya Père Lachaise hukohuko Paris, lakini moyo wake dada yake Ludwika aliurudisha Warszawa, kwa sababu Chopin aliondoka kwao Novemba 1830, wiki chache tu kabla ya Wapolandi kuinuka dhidi ya Urusi, na hakurudi tena. Moyo huo uko ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Juu yake pamechongwa mstari ambao vijana wako wanaujua kwa moyo, Mathayo 6:21: kwa kuwa hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Wasimulie hilo kwanza, halafu piga preludi.

MzeeWaSanturi (Mombasa)

Mwanangu NotiNyeusi umeeleza vizuri, na mimi Chopin nampenda. Lakini mwalimu ameuliza pia juu ya alichoacha mtu. Chopin aliacha kurasa, na kurasa za thamani kubwa. Liszt aliacha kurasa pia, ila zaidi ya hapo aliacha namna nzima tunavyofanya muziki hadi leo.

Mpiga piano kukaa peke yake jukwaani jioni nzima, bila mwimbaji wala okestra ya kumsindikiza, ni desturi aliyoijenga Liszt mwishoni mwa miaka ya 1830. Piano kuwekwa ubavu, kifuniko kikielekea watu, na mpigaji kupiga kwa kichwa bila karatasi: yeye hakuwa peke yake, lakini ndiye aliyeifanya ionekane jambo la kawaida. Alizigeuza simfoni zote tisa za Beethoven ziweze kupigwa kwa mikono miwili. Fikirini miji ya wakati ule isiyo na okestra wala santuri, kwamba mtu mmoja na piano moja wanawaletea Beethoven sebuleni.

Na aliutoa mkono wake. Mji wa Pest, ambao leo ni sehemu ya Budapest, ulipofurika 1838 alikwenda Vienna kupiga maonyesho ya kuwachangia waliopatwa na mafuriko. Mchango wa sanamu ya Beethoven kule Bonn ulipokwama, alitoa fedha zake mwenyewe mpaka ikasimama, 1845. Septemba 1847, umri miaka 35, akiwa juu kabisa, aliacha kuzunguka kupiga kwa malipo. Akakaa Weimar, mji wa Ujerumani, akashika okestra, akawa anafungua mlango kwa kazi za wenzake. Uzeeni alifundisha Weimar, Roma na Budapest bila kuwatoza wanafunzi hata senti.

Kuna jambo moja nataka vijana wako walijue hasa. Ule wimbo wa kumwingiza bibi harusi, unaopigwa kwenye kumbi zetu kuanzia hapa mpaka Mwanza, umetoka katika opera ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner iitwayo Lohengrin. Iliimbwa mara ya kwanza Weimar tarehe 28 Agosti 1850, na aliyesimama mbele ya okestra ni Liszt. Wagner mwenyewe hakuwapo, alikuwa mkimbizi Uswisi. Kama Liszt asingethubutu kuipandisha jukwaani opera ya mtu anayetafutwa na serikali, sijui sisi tungeingiza maharusi wetu kwa wimbo gani.

AltoWaPili (Kisumu)

Shikamoo Mzee. Nimesoma kwa makini na nakubali mengi. Lakini maisha ni pamoja na nyumbani. Liszt alizaa watoto watatu na Marie d'Agoult: Blandine, Cosima na Daniel. Miaka mingi waliishi mbali naye, wakilelewa na bibi yao na walezi, na yeye hakuwaona. Watu wazima tunaweza kusema msanii ni msanii. Mbele ya vijana wa miaka kumi na sita, wengine wao wamelelewa na bibi zao vilevile, mwalimu ajipange jinsi atakavyolieleza hilo, maana wataliuliza.

MzeeWaSanturi (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Hilo sina cha kulipinga. Ni deni lake, na Daniel na Blandine walikufa wangali vijana, 1859 na 1862, kabla deni halijalipwa. Mwalimu alieleze kama lilivyo, asilifiche.

MjukuuWaTanga (Bonn, Ujerumani)

Habari za huko nyumbani. Ile sanamu ya Beethoven aliyoitaja Mzee naipita karibu kila siku, Münsterplatz, nikienda kupanda basi. Lakini hoja yangu ni ya Clara, na nitaomba mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Mimi nilijifunza piano nikiwa msichana, na kwa miaka yote ile nilimjua kama mke wa mtunzi Robert Schumann. Mwalimu wangu wa wakati huo hakuwahi kunigusia kwamba alitunga hata noti moja. Nimekuja kumjua hapa, nikiwa na miaka thelathini na mbili. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu ninaandika.

Alipanda jukwaa la Gewandhaus, ukumbi wa muziki wa Leipzig, akiwa na miaka tisa. Akiwa na kumi na sita alipiga hapohapo koncheto aliyoitunga mwenyewe, na aliyeongoza okestra ni mtunzi Felix Mendelssohn. Baba yake, Friedrich Wieck, alikataa asiolewe na Robert Schumann, wakafika mahakamani, wakashinda, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840. Kesho yake bibi harusi alitimiza miaka 21.

Halafu Dresden, Mei 1849, watu wameasi dhidi ya mfalme, mapigano mitaani. Robert alikuwa ameshatolewa mjini asije akaingizwa kwenye kikosi, na watoto watatu wadogo walikuwa wamebaki nyumbani. Clara, mimba ya miezi saba, alirudi mjini usiku, akapita katikati ya watu wenye silaha, akawakuta watoto wamelala, akawaamsha, akawatoa. Mzee, ni machafuko hayohayo yaliyomfanya Wagner kuwa mkimbizi. Mmoja alikimbia, mwingine alirudi kuchukua watoto. Simlaumu Wagner kwa kukimbia, ila picha ya huyu mama na watoto watatu gizani haijawahi kunitoka.

Februari 1854 Robert alijitupa katika mto Rhine. Waliomwokoa walimtoa akiwa hai, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Endenich, ambayo leo ni mtaa wa hapa Bonn. Zaidi ya miaka miwili Clara hakuruhusiwa kumwona. Alimwona siku mbili tu kabla hajafa, Julai 1856. Kazi ya kuwalisha watoto saba ikabaki juu ya vidole vyake kumi, na aliifanya: Ujerumani, Vienna, Uingereza mara kwa mara, Urusi alikuwa ameshafika tangu 1844. Programu zake zilizohifadhiwa ni zaidi ya 1,200. Kuanzia 1878 akafundisha Frankfurt. Kila mahali alipokwenda alipiga kazi za Robert, za Chopin, za mtunzi Johannes Brahms, mpaka watu wakazizoea.

Ila kutunga aliacha karibu kabisa. Akiwa na miaka ishirini alikuwa ameshaandika katika shajara yake kwamba zamani alidhani ana kipaji cha kutunga, na sasa ameachana na wazo hilo, kwa kuwa mwanamke hapaswi kulitamani. Miaka saba baadaye akatunga Trio ya Opus 17, ya piano, violini na selo! Sikilizeni sehemu ya tatu, Andante. Piano inaanza peke yake, wimbo mtulivu kama mtu anayeongea na nafsi yake jikoni watu wameshalala. Kisha violini inaupokea. Katikati kunachafuka. Wimbo unaporudi, unashikwa na selo, sauti ya chini, ya kiume, na ule utulivu sasa una kitu ndani yake ambacho mwanzoni hakikuwapo.

NotiNyeusi (Arusha)

Dada, nimeisikiliza Andante hiyo sasa hivi. Mara mbili. Nakubali ni kazi kubwa. Lakini bado nasimama na Chopin, kwa sababu mtu anaweza kutetewa na kazi zake peke yake. Maonyesho ya hadhara aliyopiga maisha yake yote yanakadiriwa kuwa 30 tu. Aliishi kwa kufundisha, kifua kikinyong'onyea mwaka hadi mwaka. Hakuandika opera wala simfoni. Alibaki na piano yake moja, na mazurka, ngoma za kwao, zaidi ya hamsini. Wajerumani walipoikalia Poland walipiga marufuku muziki wake usipigwe hadharani, na 1940 wakaivunja sanamu yake Warszawa. Huwezi kuogopa preludi za mtu aliyekufa miaka tisini kabla isipokuwa ziwe zimebeba kitu.

AltoWaPili (Kisumu)

Hapo umesema. Robert Schumann aliwahi kuandika kwamba muziki wa Chopin ni mizinga iliyofichwa katika maua.

Mwalimu, ninachokiona ni kwamba hawa watu ni nyumba moja. Chopin alimpa Liszt heshima ya Opus 10, mazoezi yake kumi na mawili ya kwanza. Liszt alimtunukia Robert ile Sonata yake ya B maina, ikafika Mei 1854, Robert akiwa ameshalazwa Endenich. Brahms kijana ndiye aliyeipiga nyumbani kwa Clara, na Clara hakuipenda hata kidogo, aliiona kelele tupu. Watatu wako wote wako ndani ya chumba hicho kimoja: kazi ya Liszt, masikio ya Clara, na Chopin aliyekuwa kwenye programu zake tangu utotoni.

FunguoNyeupe (Bukoba)

Nyongeza ndogo. Funguo 61 hazitoshi kwa Liszt. Hapo utategemea spika tu.

MwalimuWaTeno (Morogoro)

Nimewasoma wote, usiku huu ni mara ya tatu. Asanteni sana.

Nimegeuka. Tunaanza na Clara. Nilitaka mtu mmoja, na yeye ndiye anayenipa mlango wa kuwaingilia wengine bila kuwalazimisha. Jumamosi ya kwanza Dresden na Andante ya Opus 17. Ya pili, Endenich na miaka ya safari. Ya tatu Clara anampiga Chopin, na hapo, NotiNyeusi, nitaipiga ile preludi mwenyewe, na vijana waimbe mi-fa-mi juu yake, na nguzo ya Warszawa nitawasimulia kwanza kama ulivyosema. Ya nne, Sonata asiyoipenda: nitawasikilizisha mwanzo wake kwenye spika wamwambie Clara kama alikosea. Mzee, bibi harusi wa Weimar ataingia siku hiyohiyo. Na swali la watoto wa Liszt likija, nitalijibu.

Sauti ya pili yangu ni mabinti sita. Wawili wanatunga nyimbo na wameniomba nisimwambie mtu.

MjukuuWaTanga (Bonn, Ujerumani)

Mwalimu, Mungu akubariki. Clara na Robert wamezikwa pamoja hapa, makaburi ya zamani ya mjini. Jiwe lao lilizinduliwa 1880, Clara mwenyewe akiwa amesimama pale akiangalia. Sura ya Robert imewekwa juu, na chini yake ameketi mwanamke wa marumaru anayemtazama. Ni yeye Clara. Nitapita Jumamosi asubuhi nipige picha kwa karibu, uso wa yule mwanamke uonekane, niiweke hapa kabla ya saa kumi zenu. Waonyeshe wale wawili kwanza.