Nimjibuje mtu anayeniuliza kuhusu imani yangu ili anidhihaki?

Mwanakwaya wa Tanga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninafanya kazi katika karakana ya useremala, na kila siku wakati wa chai ya saa nne mwenzetu mmoja hunigeuzia maswali mbele ya watu wote: Kaini alimwoa nani, Yesu alisema wapi kwamba yeye ni Mungu, kwa nini Wakristo wenyewe wana madhehebu mengi hivyo. Ninapoanza kujibu la kwanza huwa ameshalirukia la tatu, na wengine wanacheka. Wiki iliyopita nilishindwa kujizuia, nikamjibu kwa maneno makali, na tangu siku hiyo kijana mmoja anayejifunza kazi, ambaye alikuwa ameanza kuja nami ibadani, ananikwepa. Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila mtu, ilhali Bwana anakataza kutupa lulu mbele ya nguruwe. Je, nikinyamaza nitakuwa nimemkana Bwana?

Mzee wa Usharika

Mwanangu, pole. Soma tena Injili ukiangalia namna Bwana mwenyewe alivyoulizwa, maana hakumjibu kila mtu kwa njia moja. Wakuu wa makuhani walipomwuliza anatenda kwa mamlaka gani, aliwauliza kwanza ubatizo wa Yohana ulitoka wapi, nao walipokataa kusema, naye hakuwaambia (Luka 20). Waliomtega kwa habari ya kodi ya Kaisari aliwaomba wamwonyeshe sarafu, akawajibu kwa ufupi, wakaondoka. Herode alimwuliza maneno mengi akitamani kuona ishara, wala hakupata hata neno moja. Kwa hiyo kunyamaza peke yake si kumkana. Mwambie mwenzako achague swali moja, mlimalize hilo kabla ya jingine, na umwulize kwa heshima: “Nikikuonyesha jibu, utakuwa tayari kulipima?” Akikataa, endelea na chai yako.

Nakukumbusha pia kwamba aya hiyo ya Petro (1 Petro 3:15) inaendelea kusema “kwa upole na kwa hofu”. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuponyoka wiki iliyopita.

Aliyekuwa Mpingaji

Kaka, mimi nilikuwa kama huyo mwenzako kwa miaka kadhaa, na swali la mke wa Kaini nililitumia sana. Ukweli ni kwamba mchungaji mmoja alimkopa baba yangu fedha zilizokuwa za ada yetu ya shule, hakuzirudisha, na baba akakatazwa na ndugu zake kulisema jambo hilo. Kwa kuwa sikuweza kuuliza habari za fedha, niliuliza habari za Kaini. Mkristo niliyemsumbua alinijibu kwamba Mwanzo 5:4 inasema Adamu alizaa wana, waume na wake, na kwamba wengi huelewa kuwa Kaini alioa mmoja wa ndugu zake. Nilipomwuliza swali jingine gumu zaidi alisema, “Hilo silijui.” Alilisema bila aibu na bila kubuni jibu, nami nikaanza kumwamini hata katika yale aliyodai kuyajua. Baadaye, tulipokuwa wawili tu, nilimweleza habari za baba. Hakumtetea yule mchungaji hata kidogo.

Dada wa Morogoro

Ninakubali kwa sehemu tu. Si kila mwenye dhihaka ana jeraha. Wengine wanapenda tu kuwachekesha watu, na ukimtafutia kila mmoja jeraha utachoka bure. Mithali 26 inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, kisha aya inayofuata inaagiza ajibiwe, kwa sababu hali hazilingani, nasi tumeachiwa kazi ya kupambanua. Katika hali yako ningemtazama yule kijana kwanza. Yeye hakuuliza lolote, lakini ndiye aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko wote.

Mwanakwaya wa Tanga

Asanteni sana. Dada, umenigusa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa na aya za kumshinda mwenzangu kesho, huku kijana huyo nikiwa sijamwambia neno. Nitamfuata kabla ya saa nne, nimwombe radhi kwa maneno niliyoyatoa mbele yake. Huyo mwenzangu nitamwomba tuzungumze wawili baada ya kazi, juu ya swali moja atakalolichagua yeye.