Jamvi la mita 6 kwa 4: nimepewa hesabu tatu tofauti za saruji

Uwani24

Wakuu, salaam. Nataka kumwaga jamvi la zege uwani, mita 6 kwa mita 4, unene sentimita 10. Upande mmoja litakaa gari dogo, upande wa pili ni pa kufulia. Udongo wa juu nimeshaondoa, nimejaza moramu (udongo wenye changarawe) na kuishindilia, na mbao za pembeni zimesimama.

Kinachonisumbua ni saruji. Nimepiga hesabu mwenyewe: 6 × 4 × 0.10 ni mita za ujazo 2.4. Mchanganyiko ni 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), yaani mafungu saba, kwa hiyo saruji ni 2.4 gawa kwa 7, sawa na 0.343. Mita moja ya ujazo ya saruji ina kilo 1,440 hivi, nikapata kilo 494, sawa na mifuko 10 ya kilo 50. Fundi kaja, kazunguka mara moja, kaangalia kwa macho tu, kasema leta 20. Jirani aliyejenga juzijuzi anasema 15. Nani yuko sahihi? Na mchanga na kokoto niagize kiasi gani? Sitaki kumwita fundi mwizi kumbe mimi ndiye nisiyejua hesabu.

Karai_Tupu

16, ongeza mmoja wa dharura. Mchanga mita moja na nusu, kokoto mbili na nusu. Mengine usijisumbue.

Uwani24

Asante mkuu. Ila hiyo 16 imetokaje? Yangu imekosea wapi?

Mama_Stoo

Ngoja nikujibu mimi mwanangu, maana maisha yangu ya kazi yamepita kwenye stoo za ujenzi, mfuko hautoki bila sahihi kwenye daftari. Mafundi wananijua.

Ukichanganya mafungu saba makavu hupati mafungu saba ya zege. Kokoto zina nafasi katikati yake, mchanga unazama humo. Mchanga nao una nafasi zake, saruji na maji vinazama humo. Mzigo wote unanywea. Ili upate mita moja ya ujazo ya zege iliyoshindiliwa unahitaji kama mita 1.54 za vitu vikavu. Hapo ndipo hesabu yako ilipopungukiwa: uligawa zege kwa saba badala ya kugawa vitu vikavu.

Rudia. 2.4 × 1.54 ni karibu 3.7. Gawa kwa 7 unapata 0.53 ya saruji, zidisha kwa 1,440 ni kilo 760, yaani mifuko 15 na kidogo. Jirani yako kasema kweli, ila hakuhesabu kinachomwagika, kinachobaki kwenye karai na kinacholiwa na ardhi. Ndiyo maana Karai_Tupu kakwambia 16 na mmoja wa dharura.

Kama hupendi desimali, kuna njia ya stoo. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa 1:2:4 unauwekea lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto, na zege inayotoka ni kama lita 160. Ukiimwaga kwa unene wa sentimita 10 inafunika mita za mraba 1.6. Eneo lako ni 24. Gawa kwa 1.6, unarudi kwenye 15. Mimi siku zote nilihesabu kwa njia zote mbili, na zikikataana sitoi mfuko hata mmoja.

Sasa huyo fundi. Usimwite mwizi bado. Kwanza muulize anachanganya kwa uwiano gani. Akisema 1:1.5:3, na wengi hufanya hivyo panapokaa gari, mita moja ya zege inakula mifuko 8 badala ya sita na kitu. Mara 2.4 ni 19 na ushee. Hiyo ni 20 halali kabisa.

Pili, na hili ndilo ninalolishuku zaidi: kamba inasema nini? Unaandika "sentimita 10" kana kwamba umepima zege. Umepima ubao. Zege haiujui ubao, inaijua moramu iliyo chini. Chini pakibonyea sentimita 2 tu kwa wastani, umeongeza karibu nusu mita ya ujazo, nayo ni mifuko mitatu. Watu wanabishana kutwa nzima kuhusu uwiano huku saruji inapotelea kwenye mashimo ambayo hakuna aliyeinama kuyaona.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, funga kamba kutoka ubao hadi ubao, ikaze, kisha kila baada ya mita moja pima kwa futi ya kupimia kutoka kwenye kamba kwenda chini. Andika kila namba, jumlisha, gawa upate wastani. Huo wastani ndio unene wako. Uniletee hapa.

Na umeweka mteremko? Maji yatakwenda wapi?

Karai_Tupu

Mama, umemchosha mtu. Mimi mfuko mmoja ni ndoo 4 za mchanga na ndoo 7 za kokoto, maji mpaka ilainike. Majamvi yangu yako imara mpaka leo.

Mama_Stoo

Ndoo 7 za lita 20 ni lita 140, hapo tuko pamoja. Ndoo 4 za mchanga ni lita 80. Kitabu kinataka 70, yaani tatu na nusu, lakini mchanga ukiwa na unyevu 4 ni sawa. Mkono wako unajua hata kama hujawahi kuuliza kwa nini.

Sababu ni hii, Uwani24: mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Maji yanazizungusha chembe na kuzitenganisha, ndoo inajaa lakini mchanga uliomo ni pungufu. Unaweza kuvimba kwa asilimia 20, 25, hata zaidi ukiwa laini. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, weka mchanga kama ulivyo kwenye lundo mpaka kimo cha sentimita 20. Umimine pembeni, jaza maji nusu chupa, rudisha mchanga kidogo kidogo ukikoroga, uache utulie. Ukishuka mpaka 16, umevimba kwa robo. Basi penye ndoo tatu na nusu unapima nne na kitu.

Kwenye "maji mpaka ilainike" ndipo tunapoachana. Mfuko mmoja unataka maji lita 25, zikizidi sana 27, na humo yamo maji yaliyokwishaingia na mchanga. Lita 70 za mchanga zina uzito wa kilo 100 na ushee. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5, zimebeba lita 5 tayari. Kwa hiyo kwenye ndoo unapima 20, unaongeza kidogo kidogo mpaka zege ishikane na ifanyike kazi kwa koleo. Ikitiririka kama uji umeshapoteza nguvu ya saruji uliyonunua, na uso utakuja kutoa vumbi.

Nondo_Sita

Naingilia kidogo. Gari dogo juu ya sentimita 10 haina shida kama chini pameshindiliwa vizuri. Wavu wa chuma wa milimita 6, matundu ya sentimita 20, unatosha. Shiti za mita 4.8 kwa 2.4 utahitaji 3, maana ukipandisha moja juu ya nyingine kwa sentimita 30, shiti mbili hazitoshi. Uweke juu ya biskuti za zege (vipande vidogo vya kuunyanyua) ukae nusu ya juu ya jamvi. Kuuacha chini halafu kuuvuta kwa ndoano wakati zege inamwagwa ni kujidanganya, unarudi chini kwa miguu ya watu.

Wavu unabana nyufa zisipanuke, lakini hauliongezei jamvi nguvu ya kubeba kwa kiasi ambacho watu wanadhani. Usipunguze saruji kwa sababu umeweka chuma.

Uwani24

Nimerudi. Mama Stoo, nimepima kila mita kama ulivyosema, mgongo unaniuma. Upande wa mbali na nyumba ni 10, penginepo 9 na nusu. Nikisogea ukutani inaongezeka, 11, 12, 14, mpaka 15 kwenye ubao wa ukutani. Wastani ni 12.4. Mteremko nimeweka, sentimita 5 kwenye mita 4, maji yaende mbali na ukuta. Nilipanga ubao wa ukutani uwe juu zaidi.

Mama_Stoo

Basi umejijibu. Mteremko wako ni moja kwa themanini, mzuri. Lakini umeuweka kwenye mbao, moramu umeiacha bapa. Kwa hiyo zege yako ina umbo la kabari: 10 upande mmoja, 15 upande wa pili. Kwa 12.4 ujazo ni karibu 3, na hiyo ni mifuko 19. Mmoja wa dharura, 20.

Fundi wako aliona hilo kwa macho. Mpe heshima yake, ila mwambie siku nyingine aseme na sababu.

Una njia mbili. Ya kwanza, umwage kama palivyo na ununue 20. Ya pili, ambayo mimi ningeifanya, uongeze moramu upande wa ukuta mpaka nayo ifuate mteremko. Ni kama sita ya kumi ya mita ya ujazo ikiwa imeshashindiliwa, kwa hiyo leta robo tatu hivi ya moramu iliyolegea. Usiimwage tu juu. Kwangua uso wa ile ya zamani, nyunyiza maji, tandaza, kisha shindilia, la sivyo tabaka jipya litakaa kama ganda. Zile sehemu zenye 9 na nusu zikwangue zifike 10. Pima tena kwa kamba. Ukipata 10 na kidogo, unarudi kwenye mifuko 16 na mmoja.

Mchanga: hesabu inatoa mita 1.06, ongeza robo ya kuvimba na sehemu ya kumi inayobaki ardhini, agiza moja na nusu. Kokoto hazivimbi: 2.1 na upotevu, agiza mbili na nusu ukitaka usikwame. Vyote vimwagwe juu ya turubai au eneo gumu, maana koleo za mwisho kwenye udongo huokota udongo.

Uwani24

Mama, ubarikiwe. Swali la mwisho: tuko watu wanne, hatuna mashine ya kukorogea. Tutamaliza kwa siku moja?

Mama_Stoo

Zege ya mita 2.4 ina uzito wa tani tano na robo tatu hivi, na mtaikoroga yote kwa mikono. Wala hamna haja ya kukimbizana nayo. Jamvi la sentimita 10 halipendi kipande kirefu kupita mita tatu hivi bila kiungo (mahali kipande kimoja kinapoachana na kingine), litapasuka linapotaka lenyewe. Kwa hiyo ligawe vipande vinne, kila kimoja mita 3 kwa 2, kwa ubao katikati. Siku ya kwanza mwageni viwili vinavyotazamana kwa pembe. Funikeni kwa nailoni, mwagilieni maji siku saba. Vile viwili vingine mnaweza kuvijaza zege ya mwanzo ikishakuwa ngumu ya kutosha kuvua ubao bila kuvunja kingo. Wavu mkate uishie ndani ya kila kipande, usivuke kiungo.

Korogeni mfuko mzima mzima, mmoja kwa mkorogo, kavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo maji. Nusu mfuko ndiyo inayoharibu vipimo.

Na usinunue mifuko yote 17 kwa mara moja. Nunua 9, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike. Kila kipande ni mita 0.6 za zege, yaani mifuko minne bila punje chache. Cha kwanza kikishamalizika hesabu mifuko mitupu. Ikiwa minne, kamba haikukudanganya, kamalizie kununua kama tulivyopanga. Ikiwa mitano, usiagize kwanza. Rudi na futi kwenye vipande ambavyo bado havijamwagwa, kuna mahali moramu imekaa chini.