Mrejesho: lile swali la gari inayoongeza mwendo

Asalaam aleykum ndugu zangu. Wiki iliyopita niliuliza hesabu ya fizikia ya mdogo wangu: gari ya abiria imesimama Chake Chake, inaondoka na kuongeza mwendo sawasawa mpaka kilomita 54 kwa saa ndani ya sekunde 10. Mchapuko, yaani mwendo unaongezeka kiasi gani kila sekunde, ni ngapi, na imekwenda umbali gani? Mie nilipata mita 540, nikaona haingii akilini.

Mlionambia nigeuze vipimo kwanza, ahsanteni sana. 54 gawa kwa 3.6 ni mita 15 kwa sekunde. Gawa kwa 10, mchapuko ni mita 1.5 kwa sekunde kila sekunde. Hapo hapakuwa na tabu tena.

Umbali ndio uliotukwamisha. Tulizidisha 15 kwa 10, tukapata 150, na mdogo wangu akashikilia kuwa ni sahihi. Basi tukachora grafu ya mwendo kwa muda, kama alivyoshauri mmoja wenu. Mstari unapanda kutoka sifuri hadi 15, chini yake pembetatu. Eneo lake ndio umbali: nusu ya 10 mara 15, yaani mita 75. Akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe hiyo 15 kaifikia mwisho tu!"

Jana nikampa nyengine: gari tayari ina mita 5 kwa sekunde, mchapuko ule ule, sekunde 6. Akanipa mita 57, peke yake. 30 za mwendo wa awali, 27 za mchapuko. Nimefurahi mno.