Kulinganisha miti miwili ya binari: rikasheni, staki au orodha?

Mdau wa Sinza
Wakuu, nina miti miwili ya binari (data iliyopangwa kwa nodi, yaani vituo vyenye thamani, kila kimoja na watoto wasiozidi wawili, kushoto na kulia; nodi ya juu kabisa ni mzizi), nataka programu iniambie kama inafanana kabisa, umbo na thamani. Natumia Python. Nitumie rikasheni (funksheni kujiita yenyewe), foleni (kinachoingia kwanza kinatoka kwanza), au nigeuze kila mti kuwa orodha kisha nilinganishe orodha?

Binti Kijitonyama
Rikasheni. Nodi zote mbili ni tupu? Sawa. Moja tu ndiyo tupu? Tofauti. Thamani hazilingani? Tofauti. Zikilingana, funksheni ijiite yenyewe kwa watoto wa kushoto, halafu wa kulia. Mti wenyewe ni nodi yenye miti midogo miwili, kwa hiyo kodi inafuata umbo lake. Nzuri mno.

Fundi Staki
Nakubaliana na dada, ila angalia kina. Kikomo cha kawaida cha Python ni miito 1000 ya funksheni, mmoja ndani ya mwingine. Mti uliosawazika (pande zake zina kina karibu sawa) wenye nodi 1,000,000 una ngazi 20 tu, hauna shida. Lakini ukiingiza 1, 2, 3 kwa mpangilio kwenye mti wa kutafutia (ndogo kushoto, kubwa kulia) usiojisawazisha, kila nodi inaning'inia kulia kwa mwenzake. Nodi 2000 tu, programu inakatika. Hapo shika staki yako mwenyewe (rundo, cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka): weka jozi ya mizizi, toa jozi, linganisha, weka jozi za watoto.

Mdau wa Sinza
Foleni je, mkuu?

Fundi Staki
Jibu lile lile, ila inakula memori. Inakwenda ngazi kwa ngazi, na kwenye mti uliojaa ngazi ya mwisho peke yake ni nusu ya nodi zote.

Babu wa Mbagala
Vijana, hiyo ya orodha iacheni. Mti mmoja una mzizi 1 na mtoto wa kulia 2. Mwingine mzizi 2, mtoto wa kushoto 1. Soma kushoto, mzizi, kulia: yote miwili inatoa 1, 2! Labda uanze na mzizi na uandike alama kila pasipo na mtoto. Hata hivyo utakuwa umeutembea mti mzima wakati mizizi ilishatofautiana.

Mdau wa Sinza
Shikamoo babu, nimekuelewa. Zangu ni namba za risiti, zinaingia kwa mfuatano. Naenda na staki.

Binti Kijitonyama
Kwa mfuatano? Basi kaka, hata kutafuta risiti ya mwisho unapitia nodi zote. Badilisha mti kwanza, weka wa AVL unaojisawazisha, na rikasheni itakutosha.