"Together with", "along with", "as well as": kitenzi umoja au wingi?

Mwalimu_Kasulu: Habari wakuu. Kidato cha tatu wameniandikia: "The fisherman, together with his sons, sell migebuka at Kibirizi." Wanasema wauzaji ni wengi, basi "sell". Jibu ni "sells", lakini nitafute maelezo gani yatakayowakaa? Na "as well as" nayo iko hivyo?

Mhariri_Tabora: Mwalimu, kiima hapo ni "the fisherman" peke yake. "Together with" huleta maelezo ya ziada, haijumlishi watu. Anayejumlisha ni "and": "The fisherman and his sons sell." Kundi moja na hiyo ni "along with", "as well as", "in addition to" na "accompanied by".

Wafunike kwa kidole maneno yote yaliyo kati ya mikato miwili, wasome kilichobaki: "The fisherman sells." Kisha wageuzie: "The fishermen, along with their captain, sell." Zoezi hili la pili ndilo muhimu zaidi, maana wengi hufuata nomino iliyo jirani na kitenzi. Tena Kiswahili chetu kinaruhusu "Mvuvi pamoja na wanawe wanauza", kwa hiyo sikio lao halishtuki.

Bi_Ujiji: Naongezea. Usiwapime kwa "sold" wala "will sell", kosa halionekani humo. Tumia wakati uliopo, "was/were" na "has/have". Wape na maswali: "Has the headmistress, along with the teachers, arrived?" Hapo kitenzi kinatangulia kiima na wengi huteleza.

"As well as" ina jambo lake: ikifuatwa na kitenzi mwanzoni mwa sentensi, kitenzi hicho huchukua "-ing". "As well as keeping bees, she grows tobacco." Siyo "keep".

Mwalimu_Kasulu: Asanteni sana. Na mikato isipowekwa? "The fisherman with his sons..."

Mhariri_Tabora: Bado "sells". Wapo Waingereza wanaoandika wingi hapo kwa kufuata maana, ila kwenye mtihani asijaribu. Akiona umoja unasikika vibaya, kama "I, along with my brothers, am", ambayo ni sahihi ila nzito, aandike "My brothers and I are".

Fundisha "or" siku nyingine kabisa. Yenyewe ndiyo hufuata nomino ya karibu: "The honey or the candles are sold here." Ukizifundisha pamoja watachanganya.