Jerash, Umm Qais au ukumbi wa Amman: tuna siku moja tu, twende wapi?

BintiMalindi_Maskati
Assalaam aleikum wanajukwaa. Mwezi wa nne tunakwenda Amman, Jordan, kwenye harusi, na katikati ya shughuli tumepata siku moja ya kujitembeza. Tutakuwa na mama yangu, anasumbuliwa na magoti, na mwanangu wa darasa la nne ambaye siku hizi hazungumzi kitu ila Warumi. Anataka kuona ukumbi wa maigizo wa zamani na kukaa kwenye viti vyake. Naona kuna Jerash, kuna Umm Qais kule kaskazini, na kuna ule ulioko Amman penyewe. Waliofika, tafadhali nisaidieni kuchagua.

Jirani_wa_Jabal
Waaleikum salaam dada. Jerash. Naishi Amman, na kila mgeni wangu mwenye siku moja nampeleka huko.

Ukumbi wa Amman ni mkubwa kweli, uliweza kuchukua watu kama 6,000, lakini mji uliouzunguka, Philadelphia ya zamani, umefunikwa na maduka na barabara za leo. Jerash ni kinyume chake: mji wa kisasa uko upande wa pili wa bonde, na Gerasa, yaani Jerash ya Warumi, imebaki na nafasi yake. Unapita chini ya Tao la Hadrian, lililojengwa Kaisari huyo alipozuru mji majira ya baridi ya mwaka 129 kuingia 130. Halafu unakuta uwanja wa mbio za farasi, lango la kusini, kisha unatokea kwenye ule uwanja wa umbo la yai uliozungukwa na nguzo. Hapo hata mtu asiyejali historia husimama. Barabara kuu inayoanzia hapo bado ina mawe yake ya asili, na magurudumu ya magari ya kukokotwa yamechimba mifereji ndani ya jiwe. Mwambie mwanao aingize kidole.

Kumbi ziko mbili. Wa kusini ulijengwa zama za Kaisari Domitian, mwisho wa karne ya kwanza, na unachukua watu zaidi ya 3,000. Viti vya chini vina namba za Kigiriki. Pale chini, mbele ya jukwaa, kuna mahali ukisimama ukasema kwa sauti ya kawaida, sauti inakurudia imejaa. Wa kaskazini ni mdogo, wa miaka ya 160, na mimi ndio ninaoupenda zaidi. Kwenye viti vyake kumechongwa majina ya makabila ya mji, kwa sababu wajumbe wa baraza walikaa humo kujadili mambo ya mji. Watalii wengi wanachoka kabla hawajaufikia, jambo linaloniuma.

Mpanda_Milima
Naheshimu alichosema jirani, lakini Umm Qais isipitwe hivi hivi. Hiyo ndiyo Gadara, nayo ilikuwa moja ya miji ya Dekapoli, yaani ile miji kumi ya zama za Warumi, kama Gerasa. Ukumbi wake wa magharibi umejengwa kwa mawe meusi ya volkano, na weusi ule hutausahau. Ukitoka hapo ukaenda ukingoni mwa kilima unaona Ziwa Tiberia, miinuko ya Golan na bonde la Yarmouk, vyote kwa mara moja. Mwezi wa nne milima ya kaskazini iko kijani na maua ya porini yametapakaa. Jerash haina mandhari hiyo. Na watu ni wachache, unaweza kukaa kimya ukawaza.

Jirani_wa_Jabal
Kwa mandhari nakubaliana nawe kabisa, kaka. Ila ni kama kilomita 110 kutoka Amman, wakati Jerash haifiki 50. Kwa basi unapitia mji wa Irbid kwanza, ubadilishe. Kwa mtu mwenye mama mgonjwa wa magoti, siku nzima itaishia njiani.

Fundi_Napoli
Nipo Italia, Pompeii nimeitembea sana, na Jerash nilifika mara moja nikiwa na kazi Amman. Nawaombea mtoto aelezwe tofauti mapema. Pompeii ilifunikwa na majivu mwaka 79, kwa hiyo utaona nyumba za watu: jiko, tanuri la mikate, picha ukutani. Jerash haikuzikwa kwa siku moja. Waliendelea kuishi humo Wakristo wa Bizanti, wakajenga makanisa yenye sakafu za vijiwe vya rangi, kisha Waislamu, mpaka tetemeko la mwaka 749 likaharibu sehemu kubwa. Kwa hiyo Jerash asitafute vyumba vya kulala. Atafute barabara, mahekalu na mikusanyiko ya watu. Hekalu la Artemis lina nguzo 11 mbele ambazo bado zimesimama, na waongoza watalii huchomeka kijiko kwenye mwanya wa nguzo uone inavyotikisika kwa upepo. Zimejengwa hivyo, zinayumba bila kuanguka.

BintiMalindi_Maskati
Allah awalipe kheri. Mmenishawishi. Sasa swali la mama: kule hakuna njia ya mkato? Na tiketi?

Mpwa_wa_Tanga
Shikamoo kwa mama. Nilimpeleka shangazi yangu, umri kama huo. Msijaribu kumaliza mji wote pamoja naye. Mpite lango la kusini, akae kwenye uwanja wa nguzo. Ukumbi wa kusini uko karibu sana na hapo, aingie chini penye jukwaa bila kupanda ngazi za viti. Mara nyingi utakuta wazee wa Kijordan wanapiga zumari la mfuko, urithi wa jeshi lao la enzi za Waingereza, na shangazi alifurahi kuliko sisi wote. Mmoja wenu abaki naye, mwingine achukue mtoto mpaka ukumbi wa kaskazini na kurudi. Mawe ya barabara yamepanda na kushuka, avae viatu vya kufunga, si makubadhi. Fikeni asubuhi, kivuli ni haba.

Tiketi: kuna kibali cha pamoja kiitwacho Jordan Pass, kinaanzia dinari 70, lakini mji wa kale wa Petra umo ndani ya bei. Kama hamwendi Petra, ulizeni bei ya Jerash peke yake mlinganishe. Na kama siku yenu ni Ijumaa, kodini teksi ya kwenda na kurudi, mabasi hupungua sana.

Jirani_wa_Jabal
Niongeze moja. Mkirudi Amman alasiri mkiwa na nguvu, pitieni ule ukumbi wa mjini. Ulielekezwa kaskazini ili jua lisiwapige watazamaji machoni. Mama akae kwenye benchi za uwanja wa mbele, mtoto apande hadi safu ya juu kabisa. Zile ngazi ni za mwinuko mkali, mtu mzima awe nyuma yake.