Mrejesho: Maktaba ya kidijitali imeanza

Mwaka jana niliuliza kama chuo kidogo cha hapa Mombasa, chenye kompyuta tatu na mkutubi mmoja (ndiye mimi), kinaweza kuanzisha maktaba ya kidijitali. Ahsanteni wote, imewezekana.

Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania DSpace, programu ya kuhifadhi na kusomea maandiko ya kidijitali, kwa kuwa vyuo vikubwa vinaitumia. Aliyenishauri nianze na Greenstone, programu nyingine ya kazi hiyo, ya bure, kutoka Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, ameniokoa. Imekaa kwenye kompyuta ya kawaida tu, na wanafunzi wanasoma kupitia mtandao wa ndani hata intaneti ikikatika.

Kumbe kazi ni makaratasi! Unyevu wa pwani ulikuwa umegandisha kurasa za ripoti za zamani. Nilizibandua mojamoja kwa kisu cha siagi ndipo nikaziskani. Mafaili ya kwanza niliyaita "skani1", "skani2", nikapotea kabisa. Sasa kila moja lina mwandishi, mwaka na mada. Vitabu vya kiada nimeviacha, haki ya kunakili si yetu.

Diski ya akiba, yenye nakala za mafaili hayo, naiweka nyumbani, Likoni, mbali na chuo. Mkuu wa chuo alinicheka, mpaka mvua ya Mei ilipopenya dari ya chuo.